Mgonjwa Asiyetaka Pole

Wajukuu zangu wanapenda filamu za mapenzi, na siku hizi kila filamu ya mapenzi lazima awemo mgonjwa. Juzi walinikalisha kwenye kochi nitazame nao. Kijana amelala hospitali, mirija puani, na msichana kamshika mkono, anamnong'oneza maneno matamu, sauti imelegea kama uji wa mtoto. Wajukuu wanafuta machozi. Mimi nikasema, "Huyo msichana anamuua mwenzake."

"Bibi nawe!" mmoja akaniambia. "Si anambembeleza?"

"Ndiyo. Anambembeleza."

Wakacheka, wakasema bibi haelewi sinema. Naelewa. Mapenzi na ugonjwa vimekaa pamoja katika kifua changu tangu mama zao hawajazaliwa. Shule nilisoma kidogo tu, nikatolewa kusaidia jikoni, lakini herufi hazijanitoka, kwa hiyo nimekaa niandike. Majina ya watu wote wa nyumba ile ninayo, mpaka la paka wa jirani. Siyaandiki. Wenyewe wamelala, na mimi siyo wa kuwaita.

Nyumba yetu ilikuwa Kariakoo, mtaa wa mchanga ukitokea Msimbazi, miaka ya hamsini, Waingereza bado wapo. Nyumba ya ukuta wa udongo, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani jiko na choo. Baba alikufa akamwachia mama. Mama alipangisha vyumba vya mbele, na asubuhi alikaanga vitumbua barazani. Mimi ndiye niliyekuwa nikipuliza moto na kuwapa watu vitumbua kwenye jani la mgomba.

Chumba cha mbele, mkono wa kushoto, alikaa kijana wa Kinyamwezi na baba yake mdogo. Wote wawili walikuwa mapagazi bandarini. Kijana alikuwa mrefu, na bega lake la kulia limeshuka kidogo kwa sababu ya magunia, hivyo akitembea unamjua kwa mbali, hata kwenye msongamano wa sokoni, kama mtu anayetaka kukwambia jambo sikioni.

Sisi ni Wazaramo. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Vijana wa leo wakisikia utani wanafikiri ni mzaha wa Simba na Yanga, kwa hiyo niseme. Zamani, wao wakishuka na mizigo kutoka bara, sisi ndio tuliokuwa tukiwapokea pwani, tukagombana, tukapatana, tukawekeana desturi. Mtani anamwambia mtani wake neno lolote, mbele ya mtu yeyote, na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa.

Basi asubuhi yeye akitoka tu mlangoni, vinaanza.

"Mtumwa wangu, hiki kitumbua au kifuniko cha kisima?"

"Kula unyamaze. Babu yako alibeba pembe za watu mpaka pwani, akafika akasahau alikotoka."

"Hakusahau. Babu yako alimnywesha tembo la mnazi akamficha kofia."

Na mama naye, mwiko mkononi: "Mpe vilivyoungua huyo. Kwao wanakula mtama na punje za mawe, atajuaje tofauti?"

Watu wa foleni wanacheka, moshi unapanda, yeye anakwenda zake bandarini huku anatafuna. Hakuna aliyeona kitu. Nani angeona? Msichana akimtazama kijana kwa aibu, mtaa mzima unajua kufikia adhuhuri. Msichana akimtukana, na ni mtani wake, wanasema huyu binti kalelewa kwenye desturi. Tulijificha mahali penye mwanga kuliko pote.

Siku moja tulikutana kwenye bomba la mtaa, mimi na ndoo yangu, yeye na ndoo yake. Akaniambia bila kunitazama, "Ramadhani ikiisha natuma wazee waje kwa mama yako."

"Waje kufanya nini?"

"Kukuchukua. Nimezunguka soko lote, punda wamekwisha."

Nikamwagia maji miguu yake. Nikarudi nyumbani ndoo nusu, nikagombezwa, na moyo wangu ulikuwa juu kwenye paa la makuti. Huo ndio uchumba wangu. Sikupata mwingine kama huo, ingawa niliolewa, nikaheshimiwa, nikazaa.

Ramadhani haikufika. Kikohozi kilitangulia.

Mwanzo alisema ni vumbi la saruji. Kisha akawa anakohoa akiwa amejishika ukuta. Kisha siku moja niliokota kitambaa chake uani, nikaona, nikakitupa motoni kabla mama hajaona, kama vile moto ungekula na ugonjwa. Daktari wa kazini akampima akasema kifua kikuu, kazi basi. Baba yake mdogo akamtengea kikombe, sahani na mkeka. Akawa analala mchana kutwa, mlango wazi ili apate hewa, na yeyote aliyepita ukumbini alimwona.

Na hapo ndipo watu walipoanza adabu. Wapangaji waliokuwa wakimpigia kelele sasa wanapita kwa ncha za vidole. "Pole, ndugu yetu." "Mungu mkubwa, baba." Mama yangu, mama yule yule wa mtama na mawe, alimpelekea shuka safi akamwambia kwa sauti ya msibani, "Jipumzishe, mwanangu, usijichoshe." Yeye alinitazama mimi niliyekuwa nimesimama nyuma ya mama na bakuli la uji.

"Mzaramo," akaniambia, "huu uji au maji uliyonawia?"

"Ni maji niliyonawia. Ukipona utapata ya kuogea."

Akacheka, akakohoa, akanywa wote. Baba mdogo alikuwa amekwisha kupata nafasi kwenye hospitali ya vifua huko bara, kwenye njia ya reli iendayo kwao. Kulikuwa na sindano mpya, wenyewe wazungu walisema watu wanapona. Kijana alikuwa amekubali kwenda. Nataka hili likae wazi: alikuwa amekubali.

Sasa, pale karibu na soko palikuwa na duka la kanga la Banyani mmoja, na mke wake alikuwa na mtoto mnene asiyependa kutembea. Sinema za Uhindini zilikuwa na onyesho la wanawake peke yao, alasiri, na yule mama alikuwa hakosi. Siku hiyo akaja barazani kwetu.

"Mama, nipe binti yako. Mtoto zito sana, mimi peke yangu hapana weza."

Mama akanipa. Nikambeba mtoto mpaka sinema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Ndani wanawake tele, wa Kihindi na wa Kiarabu na sisi wenye mabuibui, watoto wanalia, karanga zinapasuliwa, harufu ya jasmini na jasho. Kisha taa zikazimwa.

Filamu ilikuwa ya kijana wa kitajiri mwenye kifua kinachouma. Sikudanganyi. Nilihisi kama mtu kanifuata. Anakohoa kwenye kitambaa cha hariri, na kitambaa kinaingia doa. Na kuna msichana anayempenda, macho makubwa kama visahani. Hamwambii neno moja baya. Anakaa kitandani pake, anampangusa jasho, anaongea taratibu, na mama wa Kibanyani ananinong'oneza: "Sasa sema, wewe roho yangu. Sasa sema, mimi hapana ondoka." Wanawake wote wanalia. Na mimi nalia, mtoto wa watu kalala mapajani, machozi yananidondokea kwenye nywele zake zenye mafuta.

Nilikuwa msichana mdogo. Nyumbani hakuna aliyewahi kunifundisha namna mwanamke anavyosema na mwanamume anayempenda. Nilijua kumtukana tu. Nikatoka pale nimejiona mshamba mkubwa. Nikasema, kumbe wenzetu hivi ndivyo wanavyopenda, na mimi mwenzangu anakufa namwambia ameze maji ya kunawia.

Asubuhi yake mama alikwenda sokoni kununua mchele. Nikajifunga kanga mpya, nikaingia na uji, nikakaa chini karibu na mkeka wake, karibu kuliko nilivyowahi kukaa. Nikamwambia polepole, "Umelalaje, mpenzi wangu?"

Akafungua macho.

"Usiwe na wasiwasi," nikasema. "Niko hapa. Siondoki." Nikachukua upindo wa kanga nikampangusa paji la uso, kama nilivyoona.

Alinitazama kama mtu anayesoma jambo usoni kwangu. Kisha akauliza, "Daktari kasema nini?"

"Hajasema kitu."

"Baba mdogo kakwambia nini?"

"Hajaniambia kitu, mpenzi wangu."

"Basi mbona unanisemesha hivyo?"

Akageukia ukutani. Uji ukapoa mpaka ukafanya ngozi. Jioni baba mdogo alipotoka bandarini nilimsikia chumbani anambembeleza, na sauti ya kijana inajibu wazi kabisa, "Siendi. Ya nini kwenda kufa kwa wageni? Hata mtani wangu amekwisha kuniaga."

Nilikuwa nachambua mchele. Ungo nikauweka chini. Treni ilikuwa ya wiki ile ile, na nafasi ile ya hospitali ikipotea hapakuwa na nyingine. Asipopanda, anakufa kwenye mkeka ule, na aliyemzuia ni mimi na kanga yangu mpya.

Kesho yake nilingoja mama achangamke na wateja, nikaingia. Safari hii sikukaa. Nilisimama mlangoni, mikono kiunoni, kanga ya jikoni yenye masizi.

"Mnyamwezi gani analala mpaka jua linaingia puani?"

Mgongo tu.

"Nyie si ndio mliosifiwa kutembea? Au ni hadithi mliyojitungia?"

Niliona mifupa ya mgongo wake chini ya shati na nikataka kupiga magoti. Nikajishika kizingiti.

"Haya," nikasema, "juzi nilikwenda kumtazama ndugu yako. Yuko kwenye sinema ya Wahindi. Anaumwa kifua kama wewe, ila yeye ana kitanda chenye mapazia."

Kimya.

"Anakohoa mpaka macho yanatoka. Unajua akimaliza kukohoa anafanya nini?"

Nikangoja. Mpita njia alimwita mama barazani, mafuta yakachacharika. Mwisho sauti ikatoka ukutani: "Anafanya nini?"

"Anaimba."

"Nini?"

"Anaimba! Wimbo mrefu, una mbele na nyuma. Pumzi ya kushuka kitandani hana, ya kuimba anayo. Anauzunguka mti."

Akageuka nusu. "Mti umetoka wapi? Si kalala?"

"Niulize mimi! Kidogo kalala, kidogo huyo bustanini anauzunguka mti na msichana wa watu, mara huyo kitandani tena, anakata roho, nywele hazijavurugika hata moja."

Bega likaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kidogo kinachojiogopa, kisha kikohozi kikakidaka, akakaa, akajishika magoti mpaka kikapita. Akajifuta mdomo.

"Huyo siyo Mhindi," akasema. "Huyo Mzaramo. Anakata roho na ngoma haijasimama."

"Angekuwa Mnyamwezi angekufa na gunia la mtu kichwani, halafu aulize, bwana, nilitue wapi?"

Neno likatoka. Kufa. Nilitaka kulirudisha mdomoni. Lakini yeye alinitazama, na uso wake ulikuwa umerudi, ule wa barazani.

"Ndilo hilo," akasema. "Nilikuwa nalingoja. Watu wote wa nyumba hii wameniaga. Mama yako kaniaga kwa shuka. Nikasema, amebaki mmoja. Ukaja na wewe, mpenzi wangu, mpenzi wangu, kama mke wa gavana. Nikajua basi, kaburi limechimbwa, naambiwa mwisho."

"Lakini lile neno la jana," nikamwambia, "nilikuwa na maana yake."

"Najua." Akachukua bakuli. "Kaa nalo. Utaniambia nikirudi."

Akanywa uji. Ulikuwa wa moto, hakuupuliza. Akampelekea baba mdogo salamu bandarini kwamba afungashe.

Siku ya stesheni walimkalisha kwenye mkokoteni, mama akafunga vitu vyake kwenye kanga kuukuu, sote tukasindikiza. Watu wengi, vikapu, kuku, moshi. Walipompandisha alikaa dirishani, uso mwembamba, shati limemzidi. Mama akasema, "Nenda salama, baba." Wapangaji wakasema, "Mungu akuponye." Yeye alikuwa ananitazama mimi.

Nilitaka nishike mkono wake. Mkono ulikuwa pale, juu ya ukingo wa dirisha, karibu hata kuliko bomba la mtaa. Nikafungua kinywa.

"Usirudi!" nikapaza sauti. "Huko huko! Tumechoka kuwalisha!"

"Nitarudi!" akanijibu, na sauti ilikuwa na mikwaruzo. "Nitarudi niwamalizie mchele!"

"Tutafunga mlango!"

"Nitapitia darini!"

Watu wanacheka, "Watani hao, watani hao!" Treni ikavuta. Nikatembea sambamba nayo nikimwambia usirudi, usirudi wewe, usirudi kabisa, mpaka jukwaa likaisha. Sijawahi kumwambia mtu neno moja mara nyingi namna ile. Nikikaa peke yangu hata sasa mdomo wangu unalijua.

Alikaa huko miezi. Kulikuwa na mtu wa kwao aliyefanya kazi kwenye treni, na kila akishuka Dar alipita kwetu kula vitumbua. Alikuwa akiniletea matusi. "Mtani wako anasema hospitali wanapika vizuri kuliko nyie." "Mtani wako anasema amenenepa, mfunge mlango vizuri." Na mimi namfungia yangu, nampa, anaondoka nayo bara. Mama alikuwa akitabasamu, akisema utani mzuri unavuka mikoa. Nilikuwa nahesabu treni kwa mlio, nikiwa jikoni, nikiwa nafua. Kila ilipolia upande ule, kichwa changu kiligeuka chenyewe.

Kisha siku moja yule mtu wa treni alikuja, hakusimama barazani. Alipita moja kwa moja mpaka chumba cha mbele akafunga mlango. Mwiko wangu ukabaki hewani. Baadaye nikamsikia baba mdogo.

Walimzika huko huko. Kwetu liliwekwa tanga, kwa kuwa jamaa zake wa bandarini walikuwa wengi, wakajaa ukumbini na barazani. Wanawake wakakaa uani. Na kwenye msiba wa Mnyamwezi, Mzaramo ana kazi yake. Mtani ndiye anayewachekesha wafiwa. Anavaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake na kauli zake, watu wanacheka na kulia kwa pamoja, wanapata kupumua. Mzee mmoja akasema, "Yuko wapi yule binti wa vitumbua? Huyo ndiye mtani wake hasa." Baba mdogo akatoa koti la kazini lililobaki msumarini, akanipa.

Sikuweza kukataa. Ningekataa kama nani? Mjane hukataa. Mimi nilikuwa mtani.

Nikalivaa. Lilinifika magotini. Nikashusha bega la kulia, nikatoka mlango wa mbele mpaka barazani nikitembea mwendo wake, na niliposikia watu wanapiga kelele, "Ndiye! Ndiye huyo!" mwili wangu ukakubali. Nikamwendea mama penye jiko. "Hiki kitumbua," nikasema kwa sauti yake, "au kifuniko cha kisima?" Mama, macho mekundu, akajibu kama zamani, "Kula, mla mtama wewe!" Watu wakaangua kicheko. Kikohozi sikukiigiza. Nilimwigiza mzima. Nikabeba gunia la hewa, nikauliza nilitue wapi. Nikachota maji ya hewa kwenye bomba. Nikasema, "Ramadhani ikiisha natuma wazee."

Hapo watu walicheka kidogo tu, maana hawakuijua hiyo. Nikaendelea. Nilikuwa nimegundua kwamba kadiri ninavyotembea hivi, yupo. Baba mdogo akasema, "Basi, mtani, ahsante, umetupoza." Nikageuka nikarudi tena mlangoni nikatoka upya. "Basi, binti." Nikarudi tena. Kicheko kiliisha, nikawa natembea peke yangu katikati ya watu waliokaa kimya, bega chini, mpaka mama akainuka, akanivua koti mkono mmoja baada ya mwingine kama mtoto anayevuliwa nguo za shule, akanishika, akanipeleka chumbani kwetu, akashusha pazia.

Tulikaa kitandani.

"Wazee gani?" akauliza.

Nikamwambia. Siyo mengi. La bomba la mtaa, la sinema, la uji. Nilingoja anipige, au aseme mwana wa mwenye nyumba na pagazi, wapi na wapi. Uani wanawake walikuwa wameanza kusoma Yasini.

"Mkwe wangu," mama akasema. Akaweka mkono mdomoni. "Mkwe wangu, na mimi kila asubuhi ninamwita mla mtama mbele za watu."

Akavuta kanga akajifunika kichwa, akainamisha uso na kusogea pembeni kidogo kitandani, kama afanyavyo mwanamke mwenye heshima zake anaposikia mkwe anapiga hodi.